Kutoka Tanga kwenda Pemba na Unguja kwa ndege ndogo: namna ya kujiandaa

Kati ya uwanja wa ndege wa Tanga na ule wa Pemba, ulio nje kidogo ya mji wa Chake Chake, pana kilomita 80 na ushei tu, na ndege ndogo huzimaliza kwa dakika 20 au 25. Kutoka Pemba hadi Unguja ni kama nusu saa nyingine. Anayetaka kwenda Unguja kwa nchi kavu hana budi kuteremka kwa basi hadi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 350, kisha awahi boti na kuvuka kwa saa mbili hivi. Ndiyo maana mwenye mgonjwa, mwenye msiba au mwenye shughuli ya siku moja hukubali kulipa nauli ya ndege hata kama mfuko wenyewe si mzito. Lakini ndege hizi zina taratibu zake, na anayeziendea kana kwamba anapanda basi pale Kange, au kana kwamba anapanda lile dege la kwenda Jeddah, atasumbuka kwa namna zote mbili. Maelezo haya yanamhusu hasa msafiri wa mara ya kwanza, ingawa nimewaona hata wazoefu wakigombana kaunta kwa jambo ambalo wangelijua mapema lisingewaudhi.

Ndege inayotumika mara nyingi katika njia za pwani yetu ni Cessna Caravan. Ina injini moja, pangaboi moja puani, mabawa yaliyo juu ya madirisha, magurudumu yasiyokunjwa, na viti vya abiria vipatavyo 12. Jambo moja kuhusu ndege hii linaeleza karibu kila kitu kingine kitakachokukuta: uzito wake wote wakati wa kuruka hauruhusiwi kufika hata tani 4. Ikiwa tupu ina zaidi ya tani 2, kwa hiyo kinachobaki hugawanywa baina ya mafuta, rubani, abiria na mizigo. Chukua abiria 12 wa kilo 75 kila mmoja; hao peke yao ni kilo 900. Ongeza begi la kilo 15 kwa kila mtu, nazo ni kilo 180. Weka rubani, weka mafuta ya safari, ya kuzunguka angani ikibidi na ya kukimbilia uwanja mwingine mvua ikifunga, na hapo hesabu imejaa. Tena haitazamwi kilo tu, bali na mahali zilipokaa: watu wazito wote wakirundikana nyuma, mkia huelemewa, na rubani hakubali hilo kama vile nahodha wa jahazi asivyokubali shehena yote ipangwe tezini.

Joto nalo lina neno lake. Hewa ya moto ni nyepesi, na katika hewa nyepesi mabawa hayabebi vizuri wala injini haipati nguvu ile ile, hivyo ndege huhitaji kukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka. Ndege iliyoondoka na watu na mizigo yao yote asubuhi inaweza kulazimika kuacha baadhi ya mizigo mchana wa Februari, na karani wa kaunta hana la kufanya hata ukimpandishia sauti.

Tukija kwenye tiketi, kampuni kama Auric Air na Coastal Aviation ni miongoni mwa zilizowazoesha watu wa Tanga safari hizi, lakini ratiba hubadilika kwa msimu, na njia huongezwa au kukatwa kulingana na idadi ya abiria. Usitegemee saa ulizopewa na jirani aliyesafiri mwaka jana. Piga simu ofisini kwao, pitia kwa wakala, au ukate mwenyewe kwenye intaneti na kulipa kwa simu, kisha hakikisha jina lililoandikwa ni lile lile lililomo katika kitambulisho chako. Mwanaidi wa mtaani ambaye kwenye kitambulisho cha NIDA ni Mwanaid, bila ile herufi ya mwisho, ni vyema asahihishe jambo hilo siku ya kukata tiketi kuliko siku ya kusafiri. Unapolipa, uliza kama tozo za uwanja zimo ndani ya nauli, uliza kiasi cha mzigo unachoruhusiwa, uliza utakatwa kiasi gani ukibadili tarehe, na uliza kama ndege inakwenda moja kwa moja au inapitia mahali pengine. Swali hili la mwisho hudharauliwa sana. Ndege ndogo huenda kama daladala: inaweza kutua Pemba, ikashusha watatu, ikapakia wanne na kuendelea Unguja, na mara nyingine mpangilio huo hupinduliwa asubuhi ile ile kwa sababu ya abiria waliopatikana. Kama una miadi ya hospitali au ndege nyingine ya kuunganisha, usiipange kwa dakika.

Kabla hujatoka kwa wakala, soma saa iliyoandikwa kwenye tiketi kwa sauti, kwa Kiswahili, naye akuthibitishie. Nasema hivi kwa sababu ya mjomba wangu wa Ngamiani. Tiketi yake ya kwenda Pemba iliandikwa 10:40, naye, kama mtu yeyote aliyelelewa kuhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, akaelewa kwamba ni saa kumi na dakika arobaini za jioni. Akala mchana wake kwa utulivu, akaswali Alasiri kwa wakati, akapanda bajaji na kikapu chake cha machungwa ya Muheza hadi uwanjani, akamkuta mlinzi peke yake anafagia ukumbi. Ndege ilikuwa imeondoka saa nne na dakika arobaini asubuhi. Ratiba za ndege huandikwa kwa hesabu ya saa 24 zinazoanzia usiku wa manane. Kwa safari za mchana, ambazo ndizo karibu zote kwa ndege hizi, toa 6 kwenye tarakimu ya saa nawe utapata saa yetu. Hivyo 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, 13:15 ni saa saba na robo, na 16:00 ni saa kumi jioni. Nauli ya mjomba haikurudi, na machungwa tuliyala sisi.

Kuhusu mizigo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kiwango cha kawaida katika ndege hizi ni kilo 15 kwa mtu, na mara nyingi kilo hizo zinajumuisha na kile unachokishika mkononi. Mabegi hupangwa nyuma ya viti na katika sanduku refu lililofungwa chini ya tumbo la ndege, ambalo milango yake ni midogo na kimo chake ni kifupi. Kwa hiyo begi laini la kitambaa, linaloweza kubonyea, huingia mahali ambapo sanduku gumu la magurudumu hukataa. Pima mzigo wako nyumbani au kwa muuza duka mwenye mizani, usikisie. Ukizidi, utatozwa kwa kilo, na ikiwa ndege imejaa hata malipo hayatasaidia: kilichozidi kitasubiri safari nyingine.

Weka katika mfuko wa mkononi vitu ambavyo huwezi kulala bila kuwa navyo, yaani dawa, nyaraka, fedha, simu na nguo moja ya kubadili. Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nakwenda Wete kwenye nikahi ya mpwa wangu, na kampuni iliyonichukua, ambayo sitaitaja, iliacha begi langu kwa sababu ya uzito bila kuniambia. Nilipofika ndipo nikaambiwa litakuja kesho yake. Kanzu ilikuwa humo. Nikaazima ya shemeji yangu, mtu mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima, nikakaa mkekani mbele ya kadhi huku nikiivuta ifunike miguu. Tangu siku ile kanzu yangu husafiri mapajani mwangu, na nikikabidhi begi huuliza bila haya: "Mwanangu, hili linakwenda na ndege hii, au linafuata?" Kijana wa kaunta hujibu kweli akiulizwa kweli.

Betri ya akiba ya kuchajia simu ikae mkononi pia, si kwenye begi linalopakiwa, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto ni lazima ziwe mahali ambapo mtu anaziona. Zile za kawaida za milliampia 20,000 zinaruhusiwa, lakini zinazozidi milliampia 27,000 hivi huvuka kiwango. Mitungi ya gesi, petroli, mafuta ya taa na viberiti vya kufungasha kwa dazeni havisafiri kabisa. Mifuko ya plastiki usiibebe hata kwa kufungia viatu: Bara imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi.

Zawadi zina adabu zake. Machungwa, mikate ya kumimina na halua hazina tatizo ila uzito. Samaki na pweza hukubaliwa na baadhi ya kampuni na kukataliwa na nyingine. Ukiruhusiwa, wagandishe usiku kucha, uwafunge ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, usiweke barafu inayoyeyuka ikatiririka juu ya mabegi ya wenzako. Doriani la Unguja liache huko huko ulipolinunua. Katika ndege yenye viti 12 na isiyo na dirisha la kufunguliwa, tunda moja linatosha kuwafanya watu wazima wasisalimiane. Karafuu ni suala jingine kabisa, kwa kuwa si la harufu bali la sheria: karafuu za wakulima wa Zanzibar hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzivusha kuja Bara kwa magendo ni kosa linalofuatiliwa kwa makini. Ukitaka za kupikia pilau, nunua dukani zilizofungwa katika pakiti, na utunze risiti.

Siku ya safari, fika uwanjani saa nzima kabla ya muda wa kuondoka. Uwanja wa Tanga uko upande wa magharibi wa mji, na bajaji kutoka katikati ya mji haikawii, lakini usitumie ukaribu huo kama kisingizio cha kuchelewa, kwa sababu ndege ndogo haina sababu ya kusubiri, na ikitokea abiria wote wengine wamekwisha kufika, inaweza kuondoka hata kabla ya wakati. Chukua kitambulisho halisi, si picha ya kwenye simu. Mtoto aende na cheti chake cha kuzaliwa; aliye chini ya miaka 2 hupakatwa. Mama mjamzito aliyekaribia au kuvuka wiki 28 aende na barua ya daktari, na aulize masharti ya kampuni anapokata tiketi badala ya kungoja kuulizwa mlangoni.

Halafu kuna mizani. Utapimwa wewe mwenyewe, pamoja na begi lako, mbele za watu. Nimewahi kumwona bibi mmoja wa Kipemba, mwenye buibui na mkoba wa ukili, akiisogelea mizani ile kwa mashaka. "Shikamoo bibi, naomba upande hapa," kijana akamwambia. "Marahaba mwanangu. Mie leo nimekuwa gunia?" "Hapana bibi, hata rubani uzito wake umo katika karatasi hii." Bibi akavua makubadhi, akapanda, akauliza kama na makubadhi nayo yapimwe. Hilo ndilo swali sahihi: kila kitu kitakachoruka kimo katika hesabu, na kusema uongo kuhusu kilo zako si kumdanganya karani, ni kumdanganya rubani. Baada ya hapo unaweza kupewa kiti maalumu, au kuambiwa na rubani mwenyewe ukae mbele au nyuma. Kaa hapo ulipowekwa. Kuhama kiti kwa ajili ya dirisha zuri kunavuruga mpango uliopigiwa hesabu.

Mnapoelekea kwenye ndege, fuateni mhudumu kwa mstari na msipite mbele ya pua yake, hata kama pangaboi limesimama. Liheshimiwe muda wote kana kwamba linazunguka, kwa sababu linapozunguka kwa kasi halionekani vizuri. Mlango wa abiria uko nyuma, na ngazi yake ni nyembamba. Mwenye magoti yanayouma aombe mkono. Rubani, ambaye mara nyingi utamwona kutoka kitini kwako kama unavyomwona dereva wa Hiace, atageuka na kueleza mkanda unavyofungwa, milango iliko, na mahali jaketi la kuokoa maisha lilipo. Msikilize hadi mwisho. Karibu njia yote ni juu ya bahari, na jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: jaketi huvaliwa ndani ya ndege lakini hujazwa upepo ukishatoka nje, kwani ukilijaza ndani na maji yakaingia, litakunyanyua na kukubana darini wakati mlango uko chini yako.

Choo hakimo, kwa hiyo malizeni hiyo shughuli ukumbini. Kelele ni kubwa. Pamba masikioni inasaidia. Masikio yakiziba wakati wa kupanda au kushuka, meza mate au tafuna kitu, na mtoto mchanga anyonyeshwe. Anayechafukwa na moyo achague, kama anaweza, safari ya asubuhi. Jua likishakuwa kali, ardhi na bahari hupashwa joto kwa viwango tofauti, hewa ya moto hupanda, na ndege nyepesi hurushwarushwa hasa inapovuka ukingo wa pwani. Mtikisiko huo haudhuru ndege, ila hudhuru tumbo lililojazwa chapati na maharage dakika 20 zilizopita. Kula kidogo, tazama mbali kwenye upeo badala ya kutazama simu, na uweke karibu kimfuko cha karatasi kilicho katika mfuko wa kiti.

Kwa kuwa mabawa yako juu, kila dirisha linaona chini. Mkiondoka Tanga mtaona ghuba na kisiwa cha Toten katikati yake, na upande wa bara mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari. Kisha mkondo wa Pemba, ambao rangi yake hukolea ghafla kwa sababu ya kina, na kabla hamjazoea buluu ile mnaanza kuona kisiwa cha Misali na miamba yake, halafu vilima vya Pemba vyenye mikarafuu. Ni dakika chache, lakini sijawahi kuzichoka.

Hali ya hewa ndiyo yenye neno la mwisho. Marubani wa ndege hizi hutegemea sana kuona kwa macho, kwa hiyo mawingu mazito ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, na manyunyu ya vuli kuelekea mwisho wa mwaka huweza kuchelewesha safari kwa saa kadhaa au kuiahirisha hadi kesho. Kampuni ikighairi kwa sababu zake, una haki ya kudai safari nyingine au fedha zako. Anza kwa kuandika malalamiko kwao, ukiambatisha tiketi na risiti ya mzigo, na wasipojibu yapeleke kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni hizi. Yule aliyekata tiketi mbili kwa kampuni mbili tofauti ajue kwamba ya kwanza ikichelewa, hasara ya kuikosa ya pili ni yake mwenyewe. Mwenye ndege ya nje ya nchi kutoka Unguja aende siku moja kabla, na akumbuke kwamba jengo la safari za kimataifa si lile analoshukia abiria wa ndege ndogo.

Ukiwa na mgeni kutoka nje ya nchi, mwambie abebe pasipoti, kwani itatazamwa akiingia Zanzibar, na tangu Oktoba 2024 mgeni hutakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, ambayo kwa mtu mzima ni dola 44 za Marekani, Mtanzania haimhusu. Kama mgeni huyo amekwenda Pemba kuzamia, asipande ndege kabla ya saa 12 kupita tangu alipozamia mara moja, au saa 18 ikiwa amezamia mara kadhaa, ili gesi iliyoingia mwilini chini ya maji ipate kutoka taratibu.

Tiketi ya kurudi ikatwe pamoja na ya kwenda, hasa safari ikiwa ya Idd, maana siku ya tatu ya sikukuu kila mwenye jamaa Tanga huwa anazitaka nafasi zile zile 12. Jioni ya kabla ya kurudi, piga simu uthibitishe saa, na uwaachie namba ya simu itakayokuwa hewani huko Pemba, si ile laini uliyoiacha nyumbani.